Rangi Zinapopotea Kati ya DVD na Televisheni

Nazungumza na ninyi wasikilizaji mlio Kapolowe-Gare karibu na reli, ninyi wa Mission kando ya ziwa Tshangalele, nanyi wa Likasi, Kambove na vijiji vyote vya barabara ya kwenda Lubumbashi. Leo tunaingia sebuleni. Tunazungumza juu ya televisheni na mashine ya DVD, na zile rangi zinazokataa kutoka kwenye mashine moja kwenda kwenye nyingine.

Habari yenyewe mnaijua. Baba au mama ameuza samaki vizuri, amepita sokoni Likasi, amerudi na mashine ya DVD kwenye boksi lake. Jioni watoto wa jirani wote wamejaa chumbani. Filamu inaanza, sauti ni safi, maneno yanasikika mpaka nje, lakini picha ni nyeusi na nyeupe. Au rangi zipo, ila uso wa mchezaji ni wa samawati na anga limegeuka rangi ya chungwa. Kesho yake asubuhi televisheni inafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, inapelekwa kwa fundi, inafunguliwa, inachokonolewa, na mwenye nyumba analipa. Mara nyingi ndani yake hamkuwa na ugonjwa wowote. Televisheni ilikuwa nzima na mashine ya DVD ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katikati: kwenye waya, kwenye tundu, au kwenye menyu ambayo hakuna aliyeifungua.

Pesa hizo zinaniuma, kwa sababu rangi mbaya haiji ovyo. Kila kosa lina rangi yake, na mwenye macho anaweza kulisoma kabla ya kushika bisibisi. Kwa hiyo leo naomba tuitazame picha yenyewe kwa makini na tuiulize inatuambia nini.

Tuanze na lalamiko kubwa kuliko yote hapa kwetu: picha safi kabisa, imetulia, haitetemeki, lakini haina rangi hata kidogo.

Ili tulielewe hili lazima turudi nyuma kidogo. Wamarekani walipoipitisha kanuni ya televisheni ya rangi iitwayo NTSC, mwaka 1953, nyumba nyingi tayari zilikuwa na televisheni za nyeusi na nyeupe, na hawakutaka watu wazitupe. Basi wakaipanga picha katika sehemu mbili zinazosafiri pamoja kwenye waya mmoja. Sehemu ya kwanza ni mwangaza, yaani wapi pana giza na wapi pana weupe. Sehemu ya pili ni rangi, imepandishwa juu ya mwangaza huo. Televisheni ya zamani ilichukua mwangaza na kuiacha rangi. Televisheni mpya ilichukua zote mbili.

Na kuna jambo zuri la kulijua hapa. Mwanzoni mwa kila mstari wa picha za NTSC, mashine inatuma mtikisiko mfupi sana wa umeme, kama ishara ya kusema kwamba rangi inafuata. Televisheni inautafuta mtikisiko huo. Ikiukosa, au ikiukuta wa mwendo isioujua, inazima rangi yenyewe kwa makusudi, ili isije ikakuchafulia kioo kwa madoa. Maana yake, picha ya nyeusi na nyeupe iliyo safi inakwambia kwamba televisheni inafanya kazi vizuri. Imeamua kuzima rangi kwa sababu haijaitambua.

Kwa nini isiitambue? Hapa ndipo historia ya nchi yetu inapoingia sebuleni.

Wazungu wa Ulaya hawakuichukua kanuni ya Wamarekani. Mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, huko Ujerumani, alitengeneza kanuni ya PAL. Wafaransa, wakiongozwa na Henri de France, wakatengeneza ya kwao iitwayo SECAM. Zote mbili zilianza kurushwa hewani mwaka 1967. Afrika ilipopokea televisheni ya rangi, kila nchi ilifuata ile ya rafiki zake na ya wale walioiuzia mitambo. Zambia walichukua PAL. Kenya, Uganda na Tanzania vilevile, na Zanzibar waliwatangulia wengi, maana walianza na televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994 kupata televisheni yoyote. Sisi wa Kongo tulikuwa na televisheni ya taifa tangu 1966, na rangi ilipofika katika miaka ya 1970, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilichukua SECAM ya Wafaransa. Rwanda na Burundi pia.

Sasa tazameni ramani. Sisi wa Katanga tulikaa ndani ya nchi ya SECAM, lakini bidhaa zetu zinapita mpaka wa Kasumbalesa, na ng'ambo yake ni Zambia, iliyokuwa nchi ya PAL. Afrika Kusini ilifuata PAL. Nigeria, kunakotoka filamu nyingi tunazozipenda, ilifuata PAL. Dubai na China, kunakotoka mashine zenyewe, zilifuata PAL. Hata Ubelgiji, ambako ndugu zetu wengi wanatutumia vitu vilivyotumika, ilifuata PAL. Kwa hiyo mtu wa huku aliweza kuwa na televisheni nzuri ya Kifaransa, kanda ya video iliyonunuliwa Ndola, Zambia, na mashine iliyoletwa na shemeji kutoka Brussels, na vitu vyote vitatu vikawa vizima, lakini familia ikatazama sinema ya nyeusi na nyeupe kwa miaka na kuamini kwamba ndivyo filamu ilivyotengenezwa.

PAL na SECAM zina picha ya umbo moja, mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Kinachotofautiana ni namna ya kubeba rangi tu. PAL inatuma habari mbili za rangi pamoja katika kila mstari na kugeuza moja yao kila mara ili makosa ya njiani yafutane. SECAM inazituma kwa zamu, mstari huu habari hii, mstari unaofuata habari ile, na televisheni inalazimika kukumbuka ya kwanza mpaka ya pili ifike. Ndiyo maana ukiweka PAL kwenye televisheni inayojua SECAM peke yake unapata picha nzuri, imetulia, isiyo na rangi. Umbo linakubaliana, rangi hazikubaliani. NTSC ni habari nyingine kabisa: mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Televisheni ya zamani isiyoijua NTSC huenda ikapoteza rangi, na juu ya hapo picha ikapanda na kushuka bila kukoma, au watu wakaonekana wamebanwa na kuacha utepe mweusi juu na chini.

Basi dawa ni nini? Chukua rimoti ya mashine ya DVD, toa diski ndani, fungua menyu ya mipangilio. Karibu mashine zote zina mahali palipoandikwa PAL, NTSC na AUTO, au MULTI. Kama televisheni yako ni ya chogo, ya miaka mingi, weka PAL na uone. AUTO inaonekana kama chaguo la busara, lakini kwa televisheni za zamani ndiyo inayoleta taabu: ukiweka diski ya Kimarekani, mashine inatoa NTSC bila kukuuliza. Ukiweka PAL, mashine yenyewe inaigeuza picha kabla ya kuitoa. Mashine nyingine zina kitufe cha P/N kwenye rimoti, na mtoto akikigusa tu rangi zinaondoka, wakubwa wanabaki wanashangaa.

Upande wa televisheni pia mtazame. Nyingi zina menyu ya rangi yenye majina hayohayo: PAL, SECAM, NTSC, AUTO. Kama mtu aliilazimisha SECAM siku za kutazama chaneli ya taifa kwa antena, na leo umeunganisha DVD, hakuna rangi itakayotokea mpaka uirudishe kwenye AUTO au PAL. Na usisahau kile kipimo cha wingi wa rangi chenyewe. Kikishushwa hadi sifuri, picha ni nyeusi na nyeupe, na hakuna kilichoharibika.

Labda baba mmoja huko Mission ananisikiliza na kusema: mimi nina televisheni ya Kifaransa, ni SECAM tupu, na mashine yangu ya DVD haina SECAM kwenye menyu. Ni kweli baba, mashine nyingi za DVD hazitoi SECAM. Lakini geuza televisheni yako, utazame mgongoni. Je, kuna tundu pana, refu, lenye pembe iliyokatwa upande mmoja, lenye nafasi za vipini 21? Hiyo ni peritel. Ufaransa ililazimisha televisheni ziwe nayo tangu 1980. Kwenye peritel, rangi nyekundu, kijani na bluu zinaweza kupita kila moja kwenye kipini chake bila PAL wala SECAM. Ukipata mashine ya DVD yenye peritel, au waya wa peritel uliojaa vipini vyote, ukachagua kwenye menyu ya mashine neno RGB, televisheni yako ya SECAM itaonyesha rangi ambazo haijawahi kuzionyesha. Mwombe mwenye kuuza waya huo akufungulie kichwa chake kidogo: waya nyingi za bei rahisi zina vipini vya picha ya kawaida na sauti tu, vya rangi hawakuviweka. Kipini cha 15 ni chekundu, cha 11 ni kijani, cha 7 ni bluu. Kimoja kikikatika, rangi yake inakosekana kwenye kioo chote. Kikikatika chekundu, vitu vyeupe vinageuka samawati ya kijani. Kikikatika cha bluu, vyeupe vinageuka njano. Kwa hiyo tafuta kitu cheupe kwenye filamu, shati au ukuta, na shati hilo litakuonyesha kipini gani kimekufa.

Sasa twende kwenye zile waya tatu ambazo kila nyumba inazo: njano, nyekundu na nyeupe. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na ya kulia. Hilo linajulikana. Linalosumbua ni kwamba nyuma ya mashine nyingi za DVD kuna matundu mengine matatu: kijani, bluu na jekundu. Hesabu vizuri, msikilizaji. Matundu mekundu ni mawili kwenye mgongo mmoja. Moja ni la sauti, jingine ni la rangi. Katika chumba chenye mwanga hafifu, mtu anaingiza mkono nyuma ya kabati, anapapasa, anaona jekundu, anachomeka. Ukisikia mngurumo mkali kwenye spika ya kulia mara picha inapotokea, toa plagi nyekundu haraka. Umeingiza picha kwenye njia ya sauti.

Yale matundu matatu ya kijani, bluu na jekundu yanagawa kazi namna yake. La kijani linabeba mwangaza wote na mpangilio wa picha. La bluu na jekundu yanabeba habari za rangi. Kwa hiyo mtu akiitoa picha kwenye tundu la kijani la DVD na kuipeleka kwenye tundu la njano la televisheni, atapata picha nzuri ya nyeusi na nyeupe, maana amechukua mwangaza akaacha rangi. Akifanya kinyume, njano ya DVD kwenye kijani ya televisheni, atapata tena nyeusi na nyeupe, lakini safari hii akisogea karibu na kioo ataona vinukta vidogo vinatambaa kwenye kingo za vitu. Vinukta hivyo ni rangi inayopita kwenye njia isiyoijua. Ukiviona, umeshajua pa kushika.

Na ule uso wa samawati? Hapo plagi ya bluu na plagi nyekundu zimebadilishana matundu. Hili lina alama yake ambayo ukishaijua huisahau. Nyuso za watu, ambazo kwa asili zina wekundu mwingi, zinageuka samawati. Anga, ambalo ni la bluu, linageuka chungwa. Lakini majani yanabaki kijani karibu kama yalivyokuwa. Hicho ndicho kinachowadanganya watu wengi. Wanaona miti ni ya kijani, wanasema televisheni ni nzima, labda diski ni mbovu. Miti haiwezi kukupa ushahidi katika kosa hili. Tazama uso na anga. Badilisha plagi mbili, na kazi imekwisha.

Televisheni bapa za siku hizi zimeleta fumbo jipya. Ili kupunguza nafasi, nyingi zimeunganisha tundu la njano na la kijani kuwa moja. Utaliona ni la kijani lenye duara la njano, au limeandikwa majina mawili. Unachomeka njano yako humo, halafu kwa rimoti ya televisheni unachagua chanzo cha picha. Ukichagua AV, rangi zinakuja. Ukichagua ile njia ya waya tatu za rangi, nyeusi na nyeupe. Kuna nyingine hazina matundu ya duara kabisa, zina kitundu kidogo kama cha spika za masikioni, na waya wake mfupi unaopasuka kuwa plagi tatu. Waya hizo hazifanani ndani hata kama zinafanana nje. Mpangilio wa pete kwenye kile kipini kidogo unabadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, na picha inaweza kutokea kwenye plagi nyekundu badala ya njano. Kabla ya kusema waya ni mbovu, jaribu kuingiza plagi nyekundu, kisha nyeupe, mahali pa njano. Hakuna kitakachoungua.

Na kwa kuwa tumetaja rangi za plagi, nifafanue jambo moja linalowapa watu hofu. Rangi ya plastiki ni alama tu. Plagi nyeupe inaweza kubeba picha kwa umbali mfupi, mradi umeshika nyeupe pande zote mbili. Kama njano yako imekatika na leo ni Jumapili na watoto wanasubiri, tumia nyeupe kwa picha na nyekundu kwa sauti. Utasikia upande mmoja tu, lakini utaona rangi.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye waya wenyewe, kwa sababu sisi tuna haki ya kulisema hili kuliko watu wengine. Likasi ni mji wa shaba. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikisafisha shaba tangu 1929, na bwawa la Mwadingusha, lililozuia maji ya Lufira na kulizaa ziwa letu Tshangalele, lilijengwa ili umeme upatikane kwa kazi hiyo ya shaba. Halafu mtoto wa mchimbaji anaenda sokoni kununua waya wa DVD, anapewa waya ambao ndani yake ni chuma kilichopakwa shaba nyembamba. Waya huo unafanya kazi wiki chache. Ukikunjwa nyuma ya kabati unavunjika ndani bila kuonekana nje. Waya ukichoka, au kizibo chake kikilegea, rangi inaweza kuondoka kabla ya picha, kwa sababu rangi husafiri kwa mitikisiko ya kasi zaidi kuliko sehemu kubwa ya mwangaza, na ndiyo inayodhoofika mapema. Picha inabaki, rangi inakuja na kuondoka kila mtu anapopita na kutikisa sakafu.

Kuna kipimo rahisi. Chukua sumaku kutoka kwenye spika iliyokufa. Chuna waya wa zamani kidogo kwenye ncha na usogeze sumaku kwenye nyuzi zake. Shaba haivutwi. Ikivutwa, hiyo ni chuma. Usifanye hivyo dukani kwenye waya wa mtu, lakini muulize muuzaji kwa heshima, na ununue ule mfupi na mnene badala ya mrefu na mwembamba.

Tena tunakaa karibu na maji, na unyevu wa mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili haukauki upesi ndani ya nyumba. Toa plagi, tazama kipini chake cha katikati na mdomo wake. Ukiona ule ukungu wa kijani, wengi wenu mmeuona kwenye mawe ya malakiti, hiyo ni kazi ya unyevu kwenye shaba. Futa kwa kitambaa kikavu, au kwa pamba yenye alkoholi kidogo, mashine zikiwa zimezimwa. Plagi ikirudi kwenye tundu izungushe mara mbili tatu ili ishike. Mafundi wengi wanaanza na hapo, na wanajua kwa nini.

Kwa wenye HDMI nitasema machache, maana hapo makosa ni machache. Picha nzima ikiwa ya waridi na kijani, mashine na televisheni hazikuelewana namna ya kuandika rangi. Zima zote mbili, chomoa waya, rudisha, washa televisheni kwanza. Ikiendelea, tafuta RGB kwenye menyu ya mashine. Na wale wanaotumia kile kikasha kidogo cha kugeuza HDMI kuwa njano, nyekundu na nyeupe, wakitazame ubavuni. Kina swichi ndogo sana yenye PAL upande mmoja na NTSC upande mwingine. Kikasha kinatikiswa kwenye boksi kutoka mbali, swichi inahama, rangi zinapotea. Isukume kwa ncha ya kalamu.

Kuna ugonjwa mmoja wa rangi ambao hautokani na DVD hata kidogo, nao nauona zaidi kwenye baa na kumbi za video. Kona moja ya televisheni ya chogo ina doa la zambarau au kijani, haliondoki filamu ikibadilika, haliondoki hata ukichomoa DVD. Tazama pembeni: kuna spika kubwa imesimama ikigusa televisheni. Sumaku ya spika imeitia usumaku ile sahani nyembamba yenye matundu iliyo nyuma ya kioo, na miale ya rangi inaangukia pasipo pake. Sogeza spika hatua moja kamili. Kisha zima televisheni kabisa, si kwa rimoti, iache ipoe nusu saa, uiwashe tena. Ndani ina mzunguko wa waya unaoondoa usumaku kila inapowashwa ikiwa baridi, na utausikia ukiguna kwa sekunde moja. Huenda ikahitaji kurudiwa mara kadhaa. Mzunguko huo unakula umeme mwingi kwa sekunde hiyo, ndiyo maana inverter ndogo ya sola wakati mwingine inakata mtu anapowasha televisheni ya chogo.

Msikilizaji asiyejua aanzie wapi, afuate njia moja tu: abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama una dekoda, ichomeke kwenye tundu lilelile la televisheni kwa waya uleule. Rangi zikija, televisheni na waya ni vizima, rudi kwenye menyu ya DVD. Zisipokuja, badilisha waya. Na kabla ya kuweka filamu, itazame picha ya jina la kampuni inayotokea mashine inapowaka. Kama jina hilo lina rangi na filamu haina, basi shida iko kwenye diski, au kwenye AUTO tuliyoitaja. Watu wanaobadilisha waya, menyu, diski na tundu kwa pamoja wanaweza kufaulu, lakini hawatajua nini kiliwaponya, na wiki ijayo wako palepale.

Kuna mpaka mmoja ambao nawaomba msiuvuke, hasa vijana wenye mikono myepesi. Kifuniko cha televisheni ya chogo msikifungue. Bomba lake la picha linafanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Yote niliyoyasema leo yanafanyika nje, kwa rimoti na kwa vidole. Yakishindikana yote, hapo fundi anastahili pesa yake, na umwambie ulichokiona: uso ulikuwa rangi gani, anga lilikuwa rangi gani, doa lilikuwa kona gani. Fundi mzuri atakushukuru, atajua wapi pa kuanzia.

Neno la mwisho nawapelekea ninyi ndugu zetu wafanyabiashara wa Likasi na wa barabarani. Mteja anayetoka Kapolowe ametumia pesa ya kuja, na atatumia nyingine kurudi mzigo ukikataa. Mruhusuni ajaribu mashine hapo dukani, na televisheni moja ya chogo iwepo kwa kazi hiyo, siyo bapa peke yake, kwa sababu kule anakokwenda televisheni za chogo bado ni nyingi. Mwekeeni PAL kabla hajaondoka, mwonyesheni tundu la njano ni lipi, na mwandikieni kwenye boksi kwa kalamu. Ni kazi ya dakika tano.